Kuchuchumaa, kuchutama au kuotama: lipi lifae katika mwongozo wa mazoezi?

Mwanzisha mada
Ndugu wanajukwaa, ninaandaa mwongozo wa mazoezi ya viungo kwa wazee, nami nimekwama kwenye mkao ambao mtu hukunja magoti na kushusha makalio karibu na visigino bila kugusa ardhi. Kwa kuwa maneno haya matatu yana maana zinazokaribiana sana, naomba kujua asili yake kabla sijachagua moja.

Mwanachama, Tanga
Ndugu, ningechagua kuchutama, kwa sababu asili yake inaonekana katika umbo lenyewe. Kiambishi -ama huonyesha mwili au kitu kilichotulia katika hali fulani: tunacho katika kuinama, lenye mzizi mmoja na kuinua, na katika kusimama, ambalo ndugu yake ni kusimika. Kuotama nalo limo katika kundi hilo.

Mwanachama, Bujumbura
Ninaliunga mkono neno hilo. Katika Kirundi mkao huo ni gusutama, na majirani zetu wa Rwanda husema vivyo hivyo. Hata kupiga magoti kwetu ni gupfukama, na Waganda husema okufukamira, kwa hiyo kiambishi hiki ni mali ya Kibantu ya tangu zamani.

Mwanachama, Mombasa
Kuchuchumaa lina ukoo mwingine. Vitenzi vingi vyetu vinavyoishia na -aa vilipoteza l, ambayo hujitokeza tena tunaponyambua: kaa huzaa kalia, na vaa huzaa valia. Hata hivyo, mwandishi awe mwangalifu sana, kwani kuchuchumia ni kusimama kwa ncha za vidole ili kufikia kitu kilicho juu. Herufi moja ikikosewa, mzee aliyetakiwa kushuka atajinyosha, na huenda akaanguka. Kuotama ningeliacha, maana wasomaji wengi watamfikiria kuku anayeatamia mayai.

Mwanachama, Tanga
Hatari hiyo ndiyo inayozidi kunivuta upande wa kuchutama.

Mwanachama, Mombasa
Naielewa hoja yako, ila mwongozo ni wa wazee, nao wengi wamezoea kusikia kuchuchumaa. Ningeandika “chuchumaa, yaani chutama” katika zoezi la kwanza, kisha nikaendelea na chuchumaa peke yake, na mchoro ukae kando ya kila agizo.