Nina daftari la Hija na kurasa 140, lakini bado si riwaya. Naomba ushauri

Mwenye_Daftari

Assalam alaykum, na habari zenu wakuu.

Nilikwenda Hija miaka minne iliyopita. Kila usiku, hata nilipokuwa hoi, niliandika kwenye daftari dogo. Mwaka jana nikaanza kuligeuza riwaya. Nimefika ukurasa wa 140, na nikiusoma naona ni taarifa ya safari: tumefika Makka, tumetufu Kaaba mara saba, tumekwenda Safa na Marwa, tumelala Mina. Mhusika nimempa jina jingine lakini ni mimi. Kila akifika mahali patukufu analia, nami nasoma bila kuguswa, ilhali machozi yale niliyatoa kweli.

Mambo mawili yananikwaza. Naogopa riya, yaani kufanya ibada ili watu wakuone: ibada niliyomfanyia Mola wangu, leo niitoe mbele za watu? Halafu kuna mzee tuliyekuwa naye kundi moja. Usiku wa Muzdalifa, mahujaji wanapolala wakitoka Arafa, alinieleza jambo la nyumbani kwake, na ndilo jambo zito kuliko yote daftarini. Sijui kama nina haki nalo.

Niendelee na riwaya, au nichape daftari kama lilivyo?

Bint_Kalamu

Wa alaykum salaam kaka, Mungu aikubali Hija yako. Nikuulize kwanza: huyo mhusika anaondoka nyumbani akitaka nini? Usiseme radhi za Mungu, hizo kila hujaji anazitaka. Ameacha nini nyuma ambacho hakijaisha?

Mwenye_Daftari

Dada, umenishika penyewe. Niliondoka nikiwa sisemezani na kaka yangu kwa sababu ya kiwanja cha marehemu baba. Mtu akienda Hija huwaendea watu wake akawaomba radhi. Mimi nilimtumia ujumbe wa simu tu. Hilo hata kwenye daftari sikuliandika.

Bint_Kalamu

Basi riwaya yako inaanzia hapo.

Rudi kwenye Al-Baqara, aya ya 197: katika Hija hakuna maneno machafu, ufasiki wala mabishano. Aliye ndani ya ihramu, yaani ameshaingia kwenye ibada ya Hija, hata kucha hakati. Sasa mpe mhusika wako hasira ya kiwanja, umtie humo. Kisha mlete na kaka yake, kundi moja, hema moja huko Mina. Katika maisha hakuwepo; katika riwaya unaruhusiwa. Kugombana naye hawezi, kumkimbia hawezi, na kila dua anayoinua inapita mbele ya uso wa yule mtu.

Na muda umeshapangiwa. Asiyefika uwanja wa Arafa kabla ya alfajiri ya tarehe 10 Dhulhija amekosa Hija ya mwaka huo. Hakuna mwandishi anayeweza kubuni kikomo kikali kuliko hicho. Kurasa za uwanja wa ndege na hoteli zifute zote. Anza tarehe 8, watu wakielekea Mina.

Kuhusu kulia: mwache asilie. Mahali palepale ulipolia wewe, yeye ashindwe.

Mzee_wa_Rafu

Mimi natofautiana kidogo na binti hapo juu. Kumbukumbu iliyoandikwa kwa ukweli ina heshima yake, si lazima kila safari iwe riwaya. Ila ukishaiita kumbukumbu, huwezi tena kumhamishia kaka yako hemani. Amua mapema, maana msomaji aliyedanganywa kwenye jambo la ibada hasamehi.

Riya ni ya moyoni mwako, siwezi kukupimia. Ninachojua ni kwamba mswada unaonuka riya ni ule ambao mhusika wake hakosei.

Umm_Safari

Siri ya mzee usiiguse, ndugu yangu. Kubadili jina hakutoshi. Niliwahi kuandika kisa cha mwenzangu wa safari, nikabadili jina, umri na mji. Alijitambua kwa namna ya kukunja mswala. Mpaka leo hatujarudi kama zamani.

Kama yu hai, mpigie umwombe ruhusa, na akikataa liache. Lakini alichokueleza si sawa na ulichokiona kwa macho yako. Usiku ule uliona nini?

Mwenye_Daftari

Umm Safari, swali lako nimelala nalo.

Mzee alikuwa haoni vizuri gizani. Vijiwe vya kurusha Jamarati, zile nguzo za Mina, alivitafuta kwa vidole, kimoja kimoja, akikiviringisha kupima kama kinafika punje ya dengu. Mimi vyangu 49 nilishavitia kwenye chupa tupu ya maji, nataka kulala. Nikamchotea konzi nzima ya vijiwe nikamwekea kiganjani, ili tu atulie. Alfajiri alinirudishia vyote, amevifunga fundo kwenye leso. "Mwanangu, hivi ni vyako. Vyangu nimevipata." Vumbi lilikuwa limemjaa ndani ya kucha.

Daftarini usiku huo niliandika: "Tumelala Muzdalifa. Tumeokota vijiwe."

Siri yake nimeiondoa kwenye mswada. Na jioni hii nimefungua faili jipya. Ndugu wako wawili, wamelala chini, hatua tatu kati yao, na kaka mkubwa ndiye asiyeona gizani.