Vitu vya anime Dar bila kuagiza nje: nina elfu hamsini, nianzie wapi?

WakalaWaMbagala

Wakuu, habari za jioni. Msinicheke, nina miaka 27, kibanda changu cha uwakala kiko Mbagala, na kila nikifunga hesabu naangalia katuni za Kijapani. Nasema katuni badala ya anime kwa sababu ndivyo mama anavyoziita.

Mwaka jana niliagiza mtandaoni kisanamu cha Luffy, yule haramia wa katuni ya One Piece. Chenyewe dola 16. Usafiri ukazidi bei ya kisanamu, kikakaa njiani wiki saba, kufika nikadaiwa ushuru na juu yake VAT ya asilimia 18. Kufungua boksi, mkono mmoja umeng'oka. Nimeubandika kwa gundi, umekaa upande, sasa anaonekana kama mtu anayesimamisha daladala. Tangu hapo nikaapa siagizi tena.

Sasa mwezi ujao tunakutana watu kama kumi na wawili tunaopenda mambo haya, na safari hii sitaki kwenda na nguo za kawaida. Nahitaji kofia ya Luffy, fulana moja ya maana, na lile joho jeusi lenye mawingu mekundu la Akatsuki, genge la kwenye katuni ya Naruto, kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume, ambaye kanizidi urefu. Bajeti 50,000, haiongezeki. Kariakoo nimeshazunguka, fulana nilizoziona Naruto kachorwa jicho moja linaangalia Ilala, jingine Temeke. Natanguliza shukrani.

MzeeWaBelo

Fulana usinunue mpya. Nenda Mchikichini, pale Karume, asubuhi wakati belo zinafunguliwa. Ukiuliza "anime" watakutazama tu, kwa hiyo usiulize. Pekua fulana zenye picha, kisha geuza kola uangalie lebo. Uniqlo wa Japani wana fulana zao za UT zenye wahusika wa manga (vitabu vya katuni vya Kijapani), na moja moja huwa zinaangukia kwenye mitumba. Mimi nilipata yangu kwa 3,000 kwa sababu muuzaji aliona maandishi akasema "hii ya Kichina, chukua tu". Sikumsahihisha.

Angalizo: M ya Kijapani ni ndogo. Kama unavaa M, tafuta L.

SindanoNaUzi

Dada, mwache huyo na mitumba yake (ingawa kwenye fulana kasema kweli). Hayo mawili mengine yanatengenezwa hapahapa, na hakuna hata moja linalohitaji meli.

Kofia ya Luffy ni pama, basi. Kofia ya ukindu, ukingo mpana, utepe mwekundu. Bibi zetu wanashona ukili tangu kabla huyo Luffy hajachorwa. Tafuta wauza mikeka na vikapu, chagua ambayo ukili wake umebanana na haujakauka hadi kuvunjika ukiukunja. Mimi nilinunua kwa 7,000. Shida yake ni moja, kichwa cha pama nyingi kiko bapa juu, na cha Luffy ni mviringo. Ilowanishe maji mpaka ilegee, ivike juu ya sufuria inayolingana na kichwa chako, funga kamba pale ukingo unapoanzia, iache ilale hivyo mpaka asubuhi. Ikikauka imeshakubali. Utepe ushone kwa mkono, usitumie gundi, itaacha madoa ya njano.

Joho sasa. Hapa ndipo watu wanapopoteza hela. Ukienda kwa fundi na picha ya simu ukamwambia "nishonee hii", atakisia, na atakisia vibaya. Mimi wa kwanza aliitazama picha muda mrefu, akaniuliza, "Hii ni ya kwaya gani?" Nikajifanya nimekasirika, lakini baadaye nikaona jibu amenipa mwenyewe. Tafuta fundi anayeshona sare za kwaya au majoho ya mahafali. Kipimo anacho tayari, mikono mipana anaijua. Mwambie unataka joho la mahafali, lifunguke mbele, kola isimame mpaka kidevuni, ndani ya kola aweke kitambaa kigumu. Ameelewa.

Kitambaa chukua tetroni nyeusi. Satini inang'aa kama pazia la ukumbi wa harusi, halafu inateleza kwenye mashine na fundi atakuchukia. Kwa kijana mrefu mita nne, mimi nilipata mita kwa 4,500. Nusu mita nyekundu, nusu mita nyeupe. Mawingu usimwachie fundi ayachore. Chora mwenyewe kwenye karatasi ya manila, kata, mpelekee. Nyeupe ikatwe kubwa kidogo kuliko nyekundu, ili ukingo mweupe uonekane pande zote, kisha apitishe zigizaga. Asipopitisha zigizaga, ukifua mara mbili mawingu yanaota ndevu. Ufundi nililipa 15,000, na nilipeleka kazi wiki tatu kabla. Ukienda karibu na Desemba, wakati wa mahafali na kwaya za Krismasi, usahau.

Ukibakiwa na hela, kile kibati cha kwenye kitambaa cha kichwa cha Naruto anakitengeneza yeyote anayechonga mihuri na vibao vya majina mlangoni. Mpe mchoro wa lile jani, nembo ya kijiji chake. Atakuuliza ni nembo ya kampuni gani.

KijanaWaKayole

Hapa Nairobi tunafanya hivyo hivyo, ila vibati tunatengenezewa na mafundi wa jua kali Kamukunji. Na ukiweza kusafiri, njoo kwenye maonyesho yetu ya mashabiki, NAICCON au Otamatsuri. Kuna meza za wachoraji wenyewe, stika na picha za ukutani wamechora kwa mkono wao. Si picha iliyonyofolewa mtandaoni ikachapwa, ambayo kusema kweli ni kuiba jasho la mtu, hata kama sisi sote tumewahi kufanya.

Visanamu vya bei ya kutupa viogope. Vya One Piece na Dragon Ball vya halali huwa na stika ndogo inayometameta ya Toei Animation, watengenezaji wa katuni zenyewe, kwenye boksi. Usipoiona, na ukifungua kinanuka rangi, ushapigwa.

MzeeWaBelo

Na kama shida ni kusoma, kuna MANGA Plus, app ya wachapishaji wa manga Shueisha, ipo tangu 2019. Sura tatu za mwanzo na tatu za karibuni bure, halali kabisa, bando lako tu.

WakalaWaMbagala

Mrejesho, wakuu, maana watu huomba ushauri humu wakapotea.

Fulana nilipata Mchikichini siku ya tatu. Siku mbili za kwanza nilirudi na sketi ambazo sikuzipanga. Joho limekaa vizuri, fundi wangu wa Tandika alishona kola nzuri mno, ila wingu moja la mgongoni liko kichwa chini. Kijana anasema hakuna atakayejua. Watajua, wale wote kumi na wawili.

Nilikosea kitu kimoja. Nilitaka jina langu la utani mgongoni kwenye fulana nyeusi ya pamba, nikaenda kwa kijana wa kuchapa mwenye ile mashine ya kuhamisha wino kutoka kwenye karatasi kwa joto. Wino ule haushiki kwenye nyeusi, na kwenye pamba ndiyo kabisa. Akanirudishia fulana ina kivuli cha mraba kama imepigwa pasi ikasahaulika. Baadaye ndiyo nikaambiwa ningetafuta wanaochapa kwa DTF, ile ya kuchapa kwanza kwenye karatasi ya plastiki kisha kubandika kwa joto. Elfu tano imekwenda.

Kofia sasa. @SindanoNaUzi, sufuria imekubali, nimetumia ile ya ugali. Imetoka mviringo kabisa. Nimeivaa siku moja tu. Juzi nimerudi nikaikuta uani kichwani kwa mama, anaanika dagaa, utepe mwekundu na kila kitu. Nikamwambia mama, hiyo ni ya Luffy. Akanijibu, "Huyo Luffy aje aichukue mwenyewe."

Nimeshaagiza nyingine. Kwa muuza mikeka.