Mrejesho: jiko ndani ya kontena la futi 20

Niliwauliza kama kontena kuukuu la futi 20 lingefaa kuwa jiko la mama lishe katika joto la Dar es Salaam. Nawashukuru kwa dhati; sasa tunapika.

Aliyenionya kuhusu sakafu aliniokoa: plaiwudi ya makontena kwa kawaida hutiwa dawa ya kuua wadudu, hivyo niliing'oa yote, ingawa gharama iliniuma. Joto ndilo lililonitesa zaidi, mpaka nilipoinua paa la pili la mabati meupe, futi moja juu ya kontena, ili upepo upite katikati. Limefungwa kwa nati, kwa hiyo siku ya kuhama hufunguliwa na kontena hupakiwa kwenye lori. Maji ya kuoshea vyombo, yakishachujwa mafuta, humwagilia migomba.