Ulinganisho: kushuti siku nne mfululizo au wikiendi nne? (filamu fupi ya wanafunzi, bajeti kiduchu)

Kurasa12 (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za majukumu. Naomba mawazo kabla hatujafunga ratiba. Tuna skripti ya kurasa 12 kwa mradi wa mwisho wa kozi, yaani filamu ya dakika kama 12. Wahusika wakuu wawili, wa kupita watatu. Lokesheni nne: nyumbani, darasani, ofisi ya mkopeshaji, kituo cha basi. Timu ni wanafunzi saba na hakuna anayelipwa. Kamera, maiki na taa ni za chuo, na makundi mengine yanazigombea.

Mezani kuna njia mbili:

A: Siku nne mfululizo wakati wa likizo. Watu wote wapo, lakini tukikwama hatuna pa kukimbilia, na skripti itabidi ipunguzwe.
B: Wikiendi nne, kila moja na lokesheni yake. Skripti inabaki ilivyo na tunapata muda wa kupumua.

Mimi naegemea B. Prodyusa wetu hataki hata kuisikia.

MamaRatiba
Prodyusa wako yuko sahihi. B inapendeza kwenye karatasi, kisha inakufa taratibu. Wikiendi ya kwanza wanakuja wote. Ya pili mmoja ana mtihani. Ya tatu mwigizaji mkuu anatokea amenyoa upara, na sini (tukio moja la filamu) ya leo inatakiwa iungane na ile aliyokuwa na nywele. Haya yalilikuta kundi la jirani zetu. Wakaishia kumvalisha kofia filamu nzima bila sababu yoyote.

Kabla hujachagua, vunja skripti. Kila ukurasa ugawe sehemu nane. Sini moja inaweza kuwa sehemu tatu tu, nyingine ukurasa na robo. Kwa kila sini andika: ndani au nje, mchana au usiku, nani yupo, amevaa nini, ameshika nini. Halafu zipange kwa lokesheni, usifuate mtiririko wa hadithi. Timu ya wanafunzi ikimaliza kurasa nne kwa siku imejitahidi sana. Kurasa 12 ni siku tatu, ya nne unaiweka akiba. Hesabu yenyewe inakupeleka A.

JichoLaTatu
Napingana kidogo na dada hapo juu. Christopher Nolan alipiga filamu yake ndefu ya kwanza, Following (1998), siku za mapumziko ya wiki kwa karibu mwaka mzima, maana watu wake walikuwa na ajira. Kwa hiyo B haiui filamu. Ila nusu ya pili ya habari hiyo watu huiruka: waigizaji walifanyishwa mazoezi mpaka teki moja au mbili (yaani kurekodi kipande kilekile mara moja au mbili) zikawa zinatosha, kwa sababu mkanda wa 16mm ulikuwa ghali kwao. Sasa mkuu, mna nidhamu hiyo, au mnataka wikiendi nne ili maamuzi magumu yasubiri?

MamaRatiba
Umemuuliza nilichotaka kumuuliza. "Muda wa kupumua" nimeusikia sana, na mara nyingi maana yake ni kwamba skripti haijaiva.

Fundi_Maiki
Mnabishana kalenda, mimi nauliza: lokesheni nne za nini? Kila mkihama mnafunga taa, mnakunja nyaya, mnabeba, mnafungua, mnapanga upya. Masaa mawili yameyeyuka na hakuna shoti hata moja. Huyo mkopeshaji kwa nini asimfuate mdaiwa nyumbani kwake? Aingie, avute kiti bila kukaribishwa, aanze kuangalia vitu vya ndani kimoja kimoja. Kwangu hiyo ina nguvu kuliko watu wawili kukaa ofisini, na umeokoa lokesheni nzima.

La pili, mnapokwenda kukagua nyumba, msiende na macho tu. Nendeni saa ileile mtakayoshuti. Nyumba iliyo kimya saa nne asubuhi inaweza kuwa na watoto na redio za majirani saa kumi jioni. Simameni kila chumba, fumbeni macho, kaeni kimya dakika moja. Mtasikia friji. Friji huzimwa wakati wa kurekodi, na ili usisahau kuiwasha tena na chakula cha watu kikaoza, weka funguo zako za nyumbani ndani ya hiyo friji. Huondoki bila kuifungua.

Kurasa12
Mkopeshaji kuja nyumbani... mwandishi wetu atanuna, lakini nimeipenda. Kituo cha basi siwezi kukitoa, ndipo filamu inapoishia. Na storibodi, ile michoro ya kila shoti, je? Tumechora nusu ya filamu na tumechoka.

JichoLaTatu
Acheni. Watu wawili wanaozungumza mezani hawahitaji storibodi. Chora ramani ya chumba kama unakitazama kutoka darini: meza, mlango, dirisha na jua linaingilia upande gani saa ngapi. Weka waigizaji, piga mstari kati yao, kamera zote zibaki upande mmoja wa mstari huo, la sivyo kwenye kuhariri wataonekana hawatazamani. Kisha andika orodha ya shoti na utie alama zile ambazo bila hizo sini haihaririki. Muda ukibana, hizo ndizo unazopiga kwanza. Penseli ibaki kwa sini yenye purukushani, kama ipo.

Muda mtakaookoa wekeni kwenye mazoezi, ndani ya nyumba yenyewe, mkirekodi kwa simu.

Chipukizi_Jukwaani
Nachangia upande wa waigizaji. Msiwachukue wanafunzi wenzenu kwa kuwa tu wapo karibu. Vikundi vya maigizo vina watu wanaotaka picha za kuonyesha kazi zao. Waahidini nakala ya filamu, na mtimize. Hiyo ahadi wanafunzi wengi huisahau, ndiyo maana wengine tunawakwepa.

MamaRatiba
Nyongeza: ruhusa ya nyumba iwe ya maandishi, itaje siku, saa na kwamba picha zitaonyeshwa hadharani. Waigizaji nao wasaini fomu kabla ya shoti ya kwanza. Kwenye bajeti anzeni na chakula na usafiri, kisha tengeni asilimia 10 ya dharura. Vinavyobaki ndiyo mpambie seti.

Kurasa12
Nimekaa na prodyusa. Tunakwenda njia ya tatu: siku tatu mfululizo, mbili na nusu nyumbani, nusu darasani, ya nne akiba. Kituo cha basi tunakipiga asubuhi moja ya wikiendi tukiwa watu watatu, sini haina maneno. Kesho jioni tunaikagua nyumba, nitaleta mrejesho.

Fundi_Maiki
Mkiwa huko hesabuni soketi, na mjue zipi zinatumia fyuzi moja. Muulizeni mwenye nyumba sanduku la umeme liko wapi na ufunguo anao nani.