Mama anaruka Singapore hadi New York: masaa mangapi hasa?

Wapendwa, hamjambo? Mama anasafiri mwezi wa saba, peke yake, Singapore hadi New York bila kubadilisha ndege. Tiketi inasema anaondoka 12:00 mchana na kufika 18:30 siku hiyohiyo. Nimemwambia ni masaa sita na nusu tu, lakini nikitazama ramani moyo unasita. Nimekosea wapi?

*

Dada, umfikishie mama shikamoo yangu, halafu umwambie ukweli mapema: ni masaa 18 na nusu. Saa ya kuondoka ni ya Singapore, ya kufika ni ya New York. Singapore iko masaa 8 mbele ya UTC (saa ya kimataifa ya kulinganishia saa za nchi zote), New York mwezi wa saba iko masaa 4 nyuma. Tofauti ni 12. Jumlisha na yale sita na nusu yako. Angesafiri mwezi wa kwanza ungejumlisha 13, maana Wamarekani hurudisha saa nyuma majira ya baridi.

Umbali wenyewe ni kama kilomita 15,300. Usiupime kwa rula kwenye ramani ya ukutani, itakudanganya. Vuta uzi juu ya tufe, hapo utaelewa kwa nini ndege ya New York kwenda Tokyo hupita pande za Alaska. Ukipata kilomita, gawanya kwa 850 hivi. Ndege angani hukaribia 900 kwa saa, ila muda wa tiketi unahesabu pia ile kujikokota kwenye lami.

Kisha kuna upepo. Juu kule huvuma kwa kasi kutoka magharibi kwenda mashariki, ndiyo maana New York hadi London ni kama masaa 7 na kurudi huongezeka karibu saa nzima. Na kuna siasa: tangu anga la Urusi lifungwe kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, Helsinki hadi Tokyo imetoka masaa 9 hivi ikafika 13. Viwanja havijasogea hata hatua moja!

*

Naongezea hapo kwenye kusoma tiketi. Ukiona 00:45 tarehe 12, hiyo ni saa saba kasorobo usiku wa kuamkia tarehe 12. Uwanjani unakwenda jioni ya tarehe 11. Mimi nilitokea jioni ya tarehe 12, nimepiga suti, na ndege ilishatua zamani.

*

Asanteni sana. Nimempigia. Amenyamaza kidogo, kisha akauliza: ndani ya masaa yote hayo ataruhusiwa kusimama?

*

Asimame, tena atembeetembee mara kwa mara taa ya mkanda ikizimwa. Kukaa muda mrefu hivyo huvimbisha miguu na damu inaweza kuganda. Mchagulie kiti cha kando ya njia leo hii, vya dirishani awaachie watoto. Na dawa zake ziwe kwenye mkoba wa mkononi.