Corolla NZE inabwia mafuta kama lori, nisaidieni kabla sijaiuza kwa hasira (Tabora)

MtuWaIsevya:
Wakuu habari za mchana. Nina Corolla NZE ya 2003, injini 1NZ, gia ya oto. Mwaka jana nilivyoinunua nikienda Nzega na kurudi ilikuwa inanipa kama kilomita 14 kwa lita, mjini 11, sikuwa na neno. Saivi ni balaa, naweka ya elfu thelathini Jumatatu asubuhi, Jumatano taa ya mafuta inaniangalia, na mizunguko yangu ni ile ile tu, nyumbani Isevya, sokoni, kupeleka watoto shule, mara moja moja Sikonge kufuata asali. Nimebadilisha plagi zote nne, nimeweka eya klina mpya, fundi akasafisha na nozo za kunyunyizia petroli, laki na ushee imeenda na hakuna kilichobadilika. Taa ya injini haijawaka. Haikosi nguvu, haitoi moshi wa kutisha, inakunywa tu. Tatizo nini jamani?

Mtani_Ujiji:
Nyie Wanyamwezi mna mambo, gari unaibebesha ndoo za asali kutoka Sikonge halafu unashangaa inasikia kiu 😂 Mtani, uza hiyo ununue baiskeli.
Haya utani pembeni, mafuta unaweka sheli gani? Kuna mahali wanachakachua, mimi nishawahi kuuziwa petroli njiani ya kwenye chupa, gari ikawa inagonga kama cherehani.

BabaNeema:
Kabla hamjamtafutia mchawi, hebu atuambie anapimaje. "Ya elfu thelathini" sio kipimo, bei yenyewe EWURA wanaibadilisha kila mwezi. Fanya hivi mkuu: jaza full mpaka bunduki ikate yenyewe, usimwambie kijana aongezee, rudisha tripu sifuri, tembea kama kawaida yako, ukirudi jaza tena sheli ile ile pampu ile ile. Kilomita gawanya kwa lita zilizoingia. Hapo ndo tuongee.
Na hiyo asali unaibeba kwenye keria ya juu? Kama keria ipo na huitumii kila siku itoe, kwenye lami inakamata upepo hatari. Upepo wa tairi nao upime asubuhi zikiwa za baridi, mwenzako nilikuwa natembelea psi 22 badala ya 32, miezi sijui mingapi.

MtuWaIsevya:
Nimefanya kama BabaNeema alivyosema. Kilomita 281, zimeingia lita 33.5, yaani 8.4. Nusu mjini nusu lami. Keria nimetoa, tairi mbili zilikuwa 26 nimejaza, ila sidhani kama hivyo tu ndo vinakula kilomita sita. Mtani, mafuta naweka sheli kubwa hapa mjini, na ndugu zangu wawili wanaweka hapo hapo na gari zao ziko salama.

Spana14:
Mimi ni fundi, niko Kigoma mjini, NZE nimezifungua mpaka naziota. Nijibu maswali matatu.
1. Kwenye dashibodi taa ya O/D OFF inawaka? Kuna kitufe pembeni ya mkono wa gia, watoto au goti likikibonyeza gia ya nne haiingii kabisa, unaenda Nzega na gia tatu. Nimeshaletewa gari mbili za hivyo, mmoja alikuwa ameshanunua giaboksi!
2. Ukitoka safari ya kama kilomita 20 usikanyage sana breki mwishoni, simama, sogeza mkono karibu na kila ringi. Kama moja inachoma kuliko wenzake, breki inajishika, pini za kaliba zimeota kutu.
3. Hili ndo muhimu. Mshale wa joto unakaa wapi ukiwa barabarani?

MtuWaIsevya:
O/D taa haipo. Ringi zote vuguvugu sawa. Mshale wa joto sasa umenifanya nikumbuke, zamani ulikuwa unakaa karibu na katikati, siku hizi nikiwa kwenye lami unashuka karibu na C kabisa, nikisimama kwenye foleni ndo unapanda. Nikawa nafurahi najua gari ina baridi nzuri.

Spana14:
Hahaa nilijua. Gari iliwahi kuchemka?

MtuWaIsevya:
Mwezi wa nne, natoka Urambo. Fundi mmoja akaniambia kuna kidude kinazuia maji, nchi zetu za joto hakihitajiki, akakitoa. Haikuchemka tena.

Spana14:
Kakutolea thamosteti. Hicho "kidude" kinafunga njia ya maji mpaka injini ifike kama digrii 82 ndo kinafungua. Bila hicho maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, upepo wa lami unayapoza, injini haifiki joto lake. Sasa kompyuta ya gari inasoma kwenye sensa kwamba injini bado ya baridi, inafanya kama asubuhi ukiwasha, inamwaga petroli zaidi. Na oili ikiwa ya baridi inakuwa nzito, injini inajikaza bure. Habari za nchi za joto ni stori za kijiweni, Tabora usiku wa mwezi wa saba unavaa sweta.
Kuhakikisha: asubuhi washa, shika bomba la chini la rejeta. Thamosteti ikiwepo linabaki la baridi dakika kadhaa halafu linapata moto. Bila thamosteti linaanza kupata joto pamoja na la juu.
Ila USIRUDISHE kabla hujajua kwa nini ilichemka, utarudi Urambo kwa kuvutwa na kamba. Washa AC uangalie feni.

Mtani_Ujiji:
Kumbe mtani alitolewa koti wakati wa baridi akashukuru.

MtuWaIsevya:
Wakuu nimerudi, siku tisa sasa. Bomba lilikuwa kama alivyosema Spana14. Feni ilikuwa haizunguki kabisa, kaboni za mota zimekwisha, ukiigonga na bisibisi inaamka inazunguka kidogo inalala. Nimepata feni yuzdi, thamosteti mpya nikaisubiri kwenye basi kutoka Mwanza, tukamwaga yale maji ya kisima yaliyokuwa na rangi ya chai tukaweka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Mshale umerudi mahali pake, hauchezi hata nikisimama na AC.
Jana Nzega na kurudi, kilomita 231, lita 16.1. Nimegawanya mara mbili sikuamini, 14.3.
Plagi zile za zamani bado ninazo kwenye buti, nikiziangalia hazina hata shida.

Spana14:
Zitunze. Na rudi baada ya wiki uangalie kulanti kwenye kopo, injini ikiwa ya baridi, usije ukafungua ya moto.

BabaNeema:
Keria usirudishe lakini.

MtuWaIsevya:
Jumamosi naenda Sikonge, ndoo sita. Narudisha 😅