Tripodi nyepesi ya Mlima Kenya: gramu 950 au kilo 1.5?

Alfajiri_Milimani

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kuhusu tripodi (stendi ya kamera ya miguu mitatu) ya kubeba mgongoni. Safari ni ya Mlima Kenya, kupanda kwa njia ya Chogoria na kushukia ya Sirimon, kila mtu na mzigo wake. Nataka kupiga picha Ziwa Michaelson alfajiri, vilele vya Batian na Nelion kutoka kambi ya Shipton's, na nyota anga likiwa safi.

Kamera ni mirolesi (isiyo na kioo ndani) ya APS-C, yaani yenye kihisi cha ukubwa wa kati. Ikiwa na lenzi pana ya milimita 10-18 haifiki kilo 1. Lenzi ndefu niliyonayo ni 55-210.

Nimebaki na mbili. Ya kwanza ni ya kaboni: vipande 5 kila mguu, gramu 950 pamoja na kichwa (sehemu inayoshika kamera), ikikunjwa sentimita 32. Ya pili ni alumini: vipande 4, kilo 1.5, ikikunjwa sentimita 40. Zote zimeandikwa zinabeba kilo 8. Sasa kama zinabeba sawa, kuna sababu ya kujitwisha nusu kilo ya ziada?

FundiGololi

Hiyo kilo 8 isahau. Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanakifuata. Kila mmoja anapima kwa njia yake na kuandika namba inayomfaa. Halafu inaeleza uzito ambao tripodi itaustahimili bila kuanguka au kichwa kulegea. Haisemi kamera itatulia kiasi gani upepo ukivuma, na hilo ndilo unalolinunua.

Waulize wauzaji mambo mawili. La kwanza ni kipenyo cha kipande cha chini kabisa cha mguu. Kila kipande huwa chembamba kuliko cha juu yake kwa milimita 3 hivi, kwa hiyo mguu unaoanza na milimita 22 ukiwa na vipande 4 unaishia 13, ukiwa na 5 unaishia 10. Ugumu wa bomba haupungui sawasawa na kipenyo: kwa ukuta wa unene uleule unafuata mchemraba wake (kipenyo mara kipenyo mara kipenyo). Bomba la 13 ni gumu zaidi ya mara mbili ya la 10. Hapo ndipo ile ya gramu 950 inapoumia, hata kama kaboni yake ni nzuri.

La pili ni urefu *bila* kuinua nguzo ya kati, lile bomba la katikati linalopandisha kichwa. Matangazo hutaja urefu wa mwisho, nguzo ikiwa juu kabisa. Ukiinua nguzo umeweka mguu mmoja juu ya mitatu. Kwa mandhari sentimita 120 hadi 130 bila nguzo zinatosha, maana mara nyingi utakuwa chini ya hapo ukitafuta jiwe au ua la mbele. Kwa kulinganisha, Peak Design ya kaboni ina kilo 1.27, inakunjika hadi sentimita 39, na inafika sentimita 130 bila nguzo. Hiyo ni bei nyingine, lakini namba zake zinakuonyesha kinachowezekana.

Jibu fupi: kati ya hizo mbili, alumini. Ukipata ya kaboni ya vipande 4 yenye kilo 1.1 hadi 1.3 na mguu wa chini usiopungua milimita 13, achana na zote mbili.

Kiatu_na_Lenzi

Naunga mkono vipande 4, ila kwa sababu nyingine: muda. Mguu wa vipande 5 una pete 4 za kukaza. Mara tatu ni 12. Wa vipande 4 una 9. Pale mko karibu kabisa na ikweta, jua linapanda wima, na toka mwanga hafifu uanze kufaa hadi jua lichomoze ni kama dakika 21 tu. Pete 12 kwa vidole vilivyoganda, ukihamisha sehemu mara tatu, zinakula rangi yote ya anga.

Shipton's asubuhi huwa kuna barafu kwenye nyasi, na alumini inauma mkono. Zungushia mguu mmoja utepe wa usukani wa baiskeli, hauna uzito wa maana.

mzigo_mwepesi

Kwa nini asibebe kitripodi cha mezani cha gramu 250 tu? Mawe yamejaa kule juu. Weka juu ya jiwe, piga.

FundiGololi

Kando ya ziwa kitafaa, sikatai. Lakini kwenye moorland (nyika ya juu mlimani) ya Chogoria manyasi na vichaka vinapita magotini, na lobelia nyingine, mimea ya kule juu, zinamzidi mtu. Kamera ikiwa sentimita 20 kutoka chini unapata picha ya majani. Jiwe nalo huwa mahali lilipo, si mahali picha ilipo. Kwa mtu anayepiga nyota tu ningemwambia aende nacho.

Alfajiri_Milimani

Asanteni sana. Duka lina kaboni ya vipande 4, kilo 1.2. Niipimeje kabla ya kulipa? Na upepo nitaukabili vipi?

Kiatu_na_Lenzi

Nenda na kamera na lenzi yako ndefu. Fungua miguu yote, nguzo ikiwa chini, kaza, lenga kitu cha mbali, kuza skrini mara 10 kisha gonga mguu mmoja kwa kidole. Hesabu sekunde mpaka picha itulie. Mbili ni nzuri. Zikizidi nne, iache. Kisha shika kichwa ukikisokota kushoto na kulia kama unafungua chupa: tripodi nyingi za bei ndogo zinaonekana ngumu ukizikandamiza, lakini zinasokotwa kirahisi, na upepo hufanya hivyohivyo.

Kuna na kosa la gololi, ule mpira wa kichwa unaogeuza kamera: unakaza, ukiachia mkono picha inashuka kidogo. Ikishuka sana kwa lenzi ya 210, kichwa hakifai, ingawa miguu inaweza kuwa mizuri. Kichwa kinabadilishika ikiwa skrubu yake ni ya inchi 3/8.

Upepo:

- Fungua vipande vinene kwanza, vyembamba viwe vya mwisho. Isipokuwa kwenye tope au maji, kama ukingoni mwa Michaelson: hapo fungua chembamba chote kwanza, ili pete ibaki juu ya tope.
- Mguu mmoja uelekee upande wa lenzi.
- Begi ukilining'iniza chini ya nguzo, liguse ardhi. Likining'inia hewani linageuka pendulamu, bora usingelitundika kabisa.
- Vua kwenye kamera mkanda wake wa shingoni. Ni bendera ule.
- Shata kwa kuchelewesha sekunde 2, au 5 ukiwa na lenzi ndefu. Zima kituliza mtikisiko, isipokuwa kamera yako inatambua tripodi yenyewe.
- Panda ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kutoka 100 hadi 400: picha ya sekunde 2 inakuwa ya nusu sekunde, ambayo unaweza kuipenyeza upepo ukipumzika. Piga kadhaa, utachagua.

FundiGololi

Nyongeza mbili ndogo. Pleti (kibao kinachofungwa chini ya kamera ili ikae kwenye kichwa) iwe ya mtindo wa Arca-Swiss, upana milimita 38, ili hata ikipotea upate nyingine popote. Na ufunguo wake wa pembe sita uusukume ndani ya begi la kamera leo hii, pamoja na ule wa kukazia maungio ya miguu. Maungio hulegea baada ya siku mbili za kugongwagongwa begini, na bila ufunguo huna la kufanya.

Ukirudi, fungua pete zote. Vumbi la kule likichanganyika na grisi linakuwa msasa. Ndani utakuta vipande viwili vya plastiki kila kiungo. Angalia vimekaaje kabla ya kuvitoa, kwa sababu vikigeuzwa mguu haukazi. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kausha usiku kucha, paka grisi kidogo sana kwenye nyuzi za pete peke yake, usipake kwenye bomba.